Jinsi ya Kuchagua Ukubwa wa Sumaku ya Kubandikia Vifaa kwenye Kontena

Kontena la chuma likishageuzwa kuwa duka, karakana au ofisi, jambo la kwanza linalomsumbua mwenyewe ni namna ya kutundika vitu. Aliyepanga mara nyingi amekatazwa kulitoboa, na hata aliye na kontena lake hujuta masika ya kwanza yanapofika, kwa kuwa kila tundu la skrubu huwa njia ya maji, na baada ya maji huja kutu. Sumaku ya kubandikia huondoa shida hiyo yote kwa mpigo mmoja: haitoboi, haichubui rangi sana, na siku ya kuhama hubanduliwa ikaenda na mwenyewe. Inayobaki kuwa ngumu ni kujua sumaku ya ukubwa gani inatosha kwa mzigo gani.

Nilijifunza jambo hili kwa hasara. Nilifunga taa ya nje ya LED ubavuni mwa kontena la fundi simu, kwa sumaku moja ya milimita 25 ambayo boksi lake lilisema inabeba kilo 18. Taa pamoja na kishikio chake na waya ulioning'inia ilikuwa na kilo 2.1, nami niliona nimeacha nafasi kubwa mno. Asubuhi iliyofuata taa ilikuwa imeshuka kiasi cha kiganja kimoja, ikiacha mchirizi mweupe kwenye rangi. Siku ya tatu ilikuwa chini, kioo kimepasuka. Nilipokwenda na mizani ya ndoano kupima sumaku ileile kwenye ukuta uleule, ilibanduka kwa kilo 11 nilipoivuta moja kwa moja kuelekea kwangu, lakini nilipoivuta kuelekea chini iliserereka kwa kilo 2.2 tu. Mzigo wangu ulikuwa umefika ukingoni tangu mwanzo, na kila mlango wa kontena ulipobamizwa, taa ilishuka kidogo.

Basi namba iliyo kwenye boksi si ya kweli? Ni ya kweli, ila imepimwa kwenye bamba nene la chuma, safi, lisilo na rangi, huku sumaku ikivutwa wima kutoka kwenye bamba hilo. Ukuta wako hauko hivyo. Kwa sababu hiyo ukubwa wa sumaku huanza kutafutwa ukutani, si dukani.

Hatua ya kwanza: chunguza chuma utakachobandikia

Hakikisha kwanza kwamba ni chuma kinachovutwa na sumaku. Alumini haivutwi kabisa, na stenlesi nyingi za majiko na masinki hazivutwi au huvutwa kwa unyonge sana. Bati lililopakwa zinki, au mchanganyiko wa alumini na zinki, huvutwa vizuri kwa kuwa ndani yake ni chuma. Kontena la usafirishaji ni chuma mwili mzima, isipokuwa sakafu yake ya mbao.

Kisha pima unene, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka, kwa kuwa makosa mengi huzaliwa katika kipengele hiki. Ukuta wa ubavuni mwa kontena la kawaida huwa na unene wa takriban milimita 1.6 hadi 2, ilhali nguzo za pembeni ni nene zaidi, mara nyingi milimita 6 hivi. Bati la kuezekea ni jembamba mno: geji 28 ni karibu milimita 0.4, na geji 30 ni karibu milimita 0.3. Chuma hubeba nguvu ya sumaku kama mfereji unavyobeba maji. Mfereji ukiwa finyu, maji yanayozidi humwagika nje, na sumaku yenye nguvu kubwa ikiwekwa kwenye bati jembamba, sehemu ya nguvu yake hupita na kupotelea upande wa pili bila kushika kitu.

Unaweza kuuona upotevu huo kwa macho yako. Bandika sumaku upande mmoja wa bati, kisha upande wa pili, pale pale ilipo sumaku, sogeza pini ya karatasi au msumari mdogo. Ukivutwa kwa nguvu, bati limeshajaa na nguvu inavuja. Kununua sumaku yenye nguvu zaidi ya upana uleule kutakuongezea gharama kuliko ushikaji. Msumari usipovutwa, au ukivutwa kwa shida, bati linatosha kwa sumaku hiyo.

Kutokana na jambo hilo huja kanuni ambayo wauzaji wachache huieleza. Kwenye chuma kinene, ukiongeza kipenyo cha sumaku mara mbili, pamoja na unene wake, ushikaji huongezeka karibu mara nne, kwa kuwa eneo linalogusa chuma limekuwa mara nne. Kwenye bati jembamba hupati faida hiyo, kwa sababu nguvu yote lazima ipite katika unene mdogo wa bati kuzunguka mduara wa sumaku, na mduara huo umekua mara mbili tu. Kwa hiyo kwenye bati jembamba sumaku nne ndogo zilizotawanywa hushinda sumaku moja kubwa iliyonunuliwa kwa fedha ileile. Kama unaweza kufika upande wa pili wa bati, kuna njia nyingine rahisi: weka nyuma yake kipande cha bamba la milimita 3, ukibane kiguse bati barabara, na utashangaa sumaku ileile inavyobadilika.

Jambo la tatu ni kilicho katikati ya sumaku na chuma. Rangi, vumbi, kutu iliyovimba, stika na hata mkunjo wa bati, vyote ni mwanya, na ushikaji hupungua haraka sana mwanya unapoongezeka. Makontena yaliyozunguka bandarini miaka mingi huwa yamepakwa rangi tabaka juu ya tabaka. Kupata picha ya hasara hiyo, chukua karatasi za kawaida za A4 za gramu 80, ambazo kila moja ina unene wa takriban milimita 0.1, ziweke moja baada ya nyingine chini ya sumaku, na kila mara uivute kwa mizani. Karatasi tatu au nne tu zitakuonyesha ni kwa nini rangi nzito haipaswi kupuuzwa.

Mwisho, pima upana wa sehemu bapa. Ukuta wa kontena una mawimbi, na sehemu bapa ya kila wimbi kwa kawaida ni kama sentimita 7 tu. Sumaku ya raba ya milimita 88, ambayo wengi huikimbilia kwa kuwa inaonekana ya uhakika, haitakaa bapa hapo. Itaegemea kingo na kupoteza karibu nguvu yake yote. Ya milimita 66 hukaa, lakini kwa kubana, kwa hiyo nenda dukani ukiwa umeshapima kwa rula.

Hatua ya pili: pima mzigo wote

Mizani ndogo ya ndoano, ile ya kupimia mabegi ya safari, inatosha kabisa. Pima kifaa pamoja na kishikio, bolti, waya na chochote kitakachoning'inia juu yake. Ikiwa unatundika ubao wa zana, pima zana zote zikiwa mahali pake, kisha ongeza nguvu ya mkono wa mtu anayechomoa spana kwa haraka. Mkono huo huvuta kuliko inavyodhaniwa.

Hatua ya tatu: tazama mzigo unavuta kuelekea wapi

Mzigo unaoning'inia darini huivuta sumaku wima kutoka kwenye chuma, na hapo ndipo namba ya boksi inakaribia ukweli. Mzigo wa ukutani huivuta kuelekea chini, na kinachouzuia usishuke ni msuguano peke yake. Sumaku yenye uso laini wa nikeli kwenye rangi huserereka kwa takriban humusi moja ya nguvu yake ya kubanduka, yaani kilo 10 za kubanduka hukupa kilo 2 za ukutani. Sumaku iliyovikwa raba huuma ukuta zaidi, na inaweza kufikia theluthi moja hadi nusu, ingawa raba yenyewe ni mwanya na hupunguza nguvu ya kubanduka. Ndiyo maana sumaku ya raba yenye namba ndogo kwenye boksi mara nyingi hushika ukutani kuliko sumaku ya chuma kitupu yenye namba kubwa. Kwa taa na vifaa vya ukutani mimi huchagua ya raba bila kusita.

Aina ya tatu ya mvuto ndiyo inayoangusha vitu vingi zaidi, nayo ni wenzo. Chukua feni ndogo ya kilo 2 ambayo uzito wake umekaa sentimita 20 kutoka ukutani. Zidisha: 2 mara 20 ni 40. Ukiishikiza kwa sumaku moja ya milimita 32, feni itataka kuibandua sumaku hiyo kwa kuigeuza juu ya ukingo wake wa chini, na kutoka ukingo hadi katikati ya sumaku ni sentimita 1.6 tu. Gawanya 40 kwa 1.6, unapata kilo 25. Feni ya kilo 2 inaivuta sumaku kana kwamba ni mfuko wa saruji wa nusu. Sasa chukua bamba lenye sumaku mbili, moja juu na moja chini, huku ile ya juu ikiwa sentimita 20 kutoka ukingo wa chini wa bamba. Gawanya 40 kwa 20, unapata kilo 2 tu zinazoibandua sumaku ya juu. Hujabadilisha nguvu ya sumaku hata kidogo, umezitenganisha tu. Kila kifaa kinachojitokeza mbele ya ukuta, kama feni, rafu au kamera yenye mkono mrefu, hakistahili kufungwa kwa sumaku moja, hata iwe kubwa kiasi gani.

Hatua ya nne: piga hesabu

Nirudie taa yangu iliyoanguka, safari hii kwa utaratibu. Mzigo ni kilo 2.1. Kwa kitu kisichobebwa juu ya vichwa vya watu nataka akiba ya mara mbili, hivyo nahitaji kilo 4.2 zisizoserereka. Uso ni laini, kwa hiyo nazidisha kwa 5, napata kilo 21 za kubanduka kwenye ukuta ule. Ukuta wenyewe ulinipa kilo 11 kati ya 18 za boksi, yaani kama asilimia 60. Nagawanya 21 kwa 0.6, napata kilo 35. Kwa maneno mengine, taa ya kilo 2.1 ilihitaji sumaku zenye jumla ya kilo 35 kwenye boksi: mbili za milimita 25 zilizotenganishwa zingetosha, na ndizo nilizofunga baadaye. Ingekuwa sumaku ya raba inayoshika theluthi moja, ningezidisha kwa 3 badala ya 5.

Kama kitu kitakaa juu ya watu, tumia akiba ya mara tatu au zaidi, na pamoja na hiyo fungia waya wa usalama ulioshikwa mahali pengine, ili sumaku ikiachia, mzigo ubaki ukining'inia. Mtungi wa gesi, mtungi wa kuzimia moto na betri ya sola havitundikwi kwa sumaku, na hapo hakuna hesabu ya kupiga.

Maboksi mengine huandika niutoni badala ya kilo. Gawanya kwa 10 na utakuwa karibu sana: niutoni 180 ni kama kilo 18.

Hatua ya tano: chagua aina, kisha kipenyo

Sumaku za kubandikia nyingi zina umbo la kikombe: sumaku yenyewe imezamishwa ndani ya kikombe cha chuma, na kikombe hicho huelekeza nguvu yote upande mmoja. Ndiyo maana upande wa mgongo haushiki kitu, na pia ndiyo maana sumaku tupu iliyong'olewa kwenye kifaa kibovu hushika kidogo kuliko ile ya kikombe yenye ukubwa huohuo.

Za neodimiamu, zilizovumbuliwa karibu wakati mmoja Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndizo zenye nguvu kuliko zote zinazouzwa kwa kawaida. Kwa kikombe cha neodimiamu tegemea takriban kilo 5 hadi 8 kwa kipenyo cha milimita 16, kilo 15 hadi 20 kwa milimita 25, kilo 30 hivi kwa milimita 32, na kilo 60 au zaidi kwa milimita 42, zote zikiwa kwenye bamba nene. Herufi N na namba inayofuata, kuanzia N35 hadi N52, huonyesha ubora wa sumaku na si ukubwa wake, kwa hiyo N52 ndogo haiwezi kuchukua nafasi ya N35 kubwa. Kwenye ukuta wa kontena tofauti kati ya madaraja hayo ni ndogo kuliko tofauti inayoletwa na rangi, na sioni sababu ya kulipia zaidi.

Za feraiti, zile nyeusi ambazo mafundi wetu huzing'oa kwenye spika mbovu, zina nguvu ndogo zaidi kwa ukubwa uleule, lakini ni rahisi, hazishiki kutu na hustahimili joto jingi. Kwa kuwa ni pana na nguvu yake imetawanyika, hazipotezi sana kwenye bati jembamba.

Wakaao pwani, kutoka Mombasa hadi Mtwara, wafikirie chumvi ya baharini mapema. Neodimiamu huliwa na kutu upesi sana pale ngozi yake ya nikeli inapochubuka. Huvimba, hupukutika kuwa unga, na nguvu huondoka nayo. Kwa nje ya kontena chagua iliyovikwa raba yote, au feraiti. Joto nalo lina sehemu yake: neodimiamu ya daraja la kawaida haitakiwi kupita nyuzi 80 za Selsiasi, na kabla ya hapo hupungua takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja. Ukuta wa kontena kwenye jua la saa nane mchana hauwezi kuguswa kwa kiganja, lakini kwa kawaida haufiki nyuzi 80. Upungufu ni wa asilimia chache, na akiba ya mara mbili imeshaumeza. Karibu na jiko, bomba la jenereta au sehemu ya kuchomelea, tumia feraiti.

Hatua ya sita: nunua moja, ijaribu, ndipo ununue zilizobaki

Hesabu hupunguza kubahatisha, ila ukuta ndio unaosema ukweli. Nunua sumaku moja, futa ukuta kwa kitambaa chenye spiriti hadi kitambaa kitoke safi, bandika, kisha ivute kwa mizani kuelekea kwako na halafu kuelekea chini, mara tatu kila upande. Andika namba ndogo kuliko zote, na uitumie hiyo. Ukisharidhika, funga kishikio chenye sumaku zake zote na utundike chupa za maji zenye uzito mara mbili ya mzigo wako. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hakuna kinachohitaji kununuliwa. Ziache usiku kucha, na asubuhi bamiza mlango wa kontena mara kadhaa.

Unapofunga sumaku kwenye kishikio, usikaze bolti ndefu kuliko kina cha tundu, kwa sababu ncha yake itaisukuma sumaku kutoka kwenye kikombe. Usiitoboe wala kuikata: hupasuka, na unga wake unaweza kuwaka moto. Ili kuibandua, isukume pembeni hadi ukingoni badala ya kuivuta, kwa kuwa ni rahisi mara tano. Sumaku mbili kubwa zisikaribiane mikononi mwako, maana hurukiana na kuponda vidole. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aziweke mbali na kifua chake, angalau sentimita 15, na kwa zile kubwa mbali zaidi ya hapo. Zile ndogo zisiachwe pale mtoto anapofika: mtoto akimeza mbili, hushikana zikiwa pande mbili za utumbo na kuutoboa, na hapo mpeleke hospitali mara moja bila kungoja dalili.

Baada ya kutundika, chora mstari mwembamba wa penseli kwenye rangi, ukigusa ukingo wa juu wa kila sumaku. Rudi baada ya wiki moja. Mstari ukiwa bado umegusana na ukingo, sumaku imetulia. Ukiona rangi imejitokeza kati ya mstari na ukingo, hata kama ni milimita mbili tu, sumaku inashuka. Teremsha kifaa siku hiyohiyo na uongeze sumaku nyingine mbali na ile ya kwanza.